Maji Yangu Yanaelekea Mashariki

Jumatatu, 2 Machi
Uhandisi wa mazingira nimeusoma miaka mingi. Maji ya chini ya ardhi nayajua nje ndani. Leo profesa, msimamizi wangu, ananiuliza nina uhakika gani kwamba yanaelekea mashariki. Uhakika! Tasnifu nzima nimeandika! Eti Bwana Naam (mwanafunzi mwenzangu, huitikia "naam" hata profesa akipiga chafya) anadhani yanakwenda magharibi. Anadhani! Tangu lini? Nikamwaga chupa nzima ya rangi ya kijani kwenye kisima cha utafiti cha katikati. Ijumaa tutaona imetokea kisima kipi, cha mashariki au cha magharibi. Nikikosea, naanza tasnifu upya, na mahafali ya mwaka huu ndiyo basi. Mama ameshashona nguo. Sikosei.

Jumatano, 4 Machi
Kisima cha mashariki maji safi kama machozi. Nimechungulia mpaka shingo inauma. Cha magharibi sikuchungulia. Sitaki kukipa kichwa.

Alhamisi, 5 Machi
Bado! Maji gani haya yasiyojua wajibu wao? Nimeamua kuyasaidia. Si udanganyifu, ni kuyaharakisha. Dukani rangi ya kijani imekwisha, nikachukua ya keki kabatini kwa shangazi, anayenilisha na kunilaza bure. Nyekundu. Rangi ni rangi. Yote nimeimwaga kisima cha mashariki. Shangazi anafoka, eti keki ya mteja ataipaka nini. Watu wengine sayansi kwao ni kelele tu.

Ijumaa, 6 Machi
Ndoo ya mashariki imetoka nyekundu. Profesa akauliza kijani kimekwenda wapi. Nikajibu papo hapo: mwambani kuna chuma, kimeigeuza. Akaomba ndoo ya magharibi. Kijani kibichi! Rangi yangu, niliyoinunua mimi, imekwenda kumtetea Naam! Na yeye, kwa upole wa kuudhi, akasema "naam". Profesa kaamuru nianze ukurasa wa kwanza, tena Naam awe ananikagua. Yule! Nimeumia, jamani. Mama sijampigia simu.

Jumamosi, 7 Machi
Shangazi kanieleza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Sijui anamsema nani. Mimi kosa langu nimeliona, wala silikatai: nilikurupuka nikachukua nyekundu. Jumatatu tunamwaga upya, na ya kijani nimeshanunua. Chupa mbili.