Punguza Upepo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Niepuke ngazi, chumvi na mabishano. Ngazi na chumvi nimekubali.

Nikisubiri dawa pale kliniki, niliokota mezani jarida la michezo. Ukurasa mzima juu ya baiskeli za milimani, mawaidha kwa wanaoanza! Mjukuu wangu wa kike, Chiriku (tunamwita hivyo kwa mdomo wake usiotulia) ameingia mashindano ya Jumamosi, kushuka kilima cha nyuma ya machimbo ya kokoto. Nikakohoa kwa nguvu, nikachana ukurasa chini ya kikohozi. Muuguzi akaniletea maji. Roho ikanisuta. Maji nikanywa.

Jioni Chiriku kaja na baiskeli mpya na hofu tele. Kabla sijajua nasema nini, nikamwambia kwamba ujanani nilikuwa bingwa wa baiskeli za milimani. Mimi! Ambaye sijawahi kukalia hata ya magurudumu matatu.

Sababu ni kwamba babu yake mzaa mama alikuwepo. Mkaguzi wa shule mstaafu. Zamani aliwahi kukaa nyuma ya darasa langu akaandika kuwa mwalimu ana maneno mengi. Halafu binti yake akaolewa na mwanangu! Siku hizi Chiriku akiwa na shida, Mkaguzi ndiye wa kwanza kutoa kauli. Sitakufa nikiwa babu nambari mbili.

Jumatano, tarehe 5

Somo la kwanza, uani. Mimi kitini, blanketi magotini, ukurasa chini ya blanketi. Tazama unakotaka kwenda, si jiwe unaloliogopa. Ukilikazia macho utalifuata. Kwenye mteremko simama juu ya pedali, ziwe sawa kama mizani, makalio nyuma, viwiko vimekunjwa. Breki zote mbili, taratibu. Ukibana ya mbele peke yake kwa pupa, utafika chini kabla ya baiskeli.

Chiriku anasikiliza kimya. Chiriku, kimya! Nikavimba kichwa.

Mkaguzi akauliza, kwa sauti yake ya ukaguzi, mbona bingwa anauita usukani "pembe". Nikasema enzi zetu tuliita hivyo. Akasema enzi zetu ni zake pia. Tena nilishindana wapi? Nikabadili gia angani: nikashika kifua, nikaomba kulala. Blanketi likaanguka. Chiriku akaniokotea kila kitu, mtoto mwenye adabu.

Alhamisi, tarehe 6

Chiriku kaanguka mazoezini. Kiwiko kimechubuka, machozi mpaka kidevuni. Mkaguzi akamwambia ajitoe, kila mtu na fani yake, mama. Nikaona mtoto anaanza kuitikia kwa kichwa.

Nikamwambia hakuna aliyejifunza bila kuanguka, ndiyo maana zikatengenezwa kofia ngumu. Mlima ukikaribia, weka gia nyepesi mapema, usingoje mpaka mnyororo ulie. Na pakiwa pabaya shuka, usukume. Miguu si aibu, ni yako.

Akauliza kama kuna siri. Ipo! Mwisho kabisa wa ukurasa: "Siri ya njia yenye mawe: kabla ya kuanza, punguza upepo kidogo kwenye" na hapo ndipo nilipochania. Kwenye nini? Nikafikiri kisomi. Upepo humpiga mtu wapi? Kifuani. Basi avae fulana ya kubana, ainamishe kichwa.

Nikamwambia kwa sauti nzito: punguza upepo. Akauliza, kidogo tu, babu? Kidogo tu. Macho yakamng'aa, akanikumbatia, akaondoka mbio. Nikaona hakuna haja ya kufafanua.

Jumamosi, tarehe 8

Mwanangu kanipeleka kwa gari mpaka chini ya kilima. Mkaguzi keshafika, na filimbi shingoni! Mvua ilinyesha alfajiri, mawe yanateleza. Watoto wa watu wanaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika.

Akatokea Chiriku. Fulana pana, inapepea kama bendera! Nimemponza mtoto! Nikapiga kelele: upepo! Upepo! Mkaguzi akanishika mkono. Filimbi kaisahau mdomoni.

Mtoto akapita juu ya mawe kama amepakwa gundi. Penye shimo akashuka, akasukuma, akapanda tena. Wa nne kutoka mwisho, mzima! Akaja anapayuka kuwa babu ana akili jamani, matairi laini yameng'ang'ania mawe, wenzake wote waliyajaza upepo mpaka yakawa kama matofali.

Matairi.

Mkaguzi akanipa mkono. Mbele za watu.

Jumapili, tarehe 9

Nimeamka kifua kizito. Siwezi kwenda kaburini na jambo hili. Nikawaita wote chumbani, nikakiri: sijawahi kupanda baiskeli, ukurasa niliuiba, hata kikohozi kilikuwa cha uongo.

Chiriku akacheka. Kumbe alijua tangu Jumatano! Blanketi lilipoanguka aliiona karatasi, akaipitia mpaka mwisho, akairudisha chini yake. Alinyamaza kwa sababu alipenda nikimsomea, kama alipokuwa mdogo. Nikajifanya nina vumbi jichoni. Mkaguzi naye akakiri, akitazama dirisha, kuwa hajawahi kupanda baiskeli. Tukacheka mpaka tukakatazwa.

Ila moja, akasema Chiriku. Karatasi iliishia "kwenye". Hayo ya matairi hayakuandikwa, hayo ni ya babu mwenyewe.

Wakanitazama wote. Hapo ndipo nilipopaswa kutaja fulana.

Nikasema: elimu, mjukuu wangu.

Jumatatu, tarehe 10

Wenzake Chiriku wanataka niwafundishe kupiga kona. Nimekubali. Kona lazima ziwe ukurasa unaofuata.

Nikashika kifua, nikaugulia hadi mwanangu akawasha gari. Kliniki, daktari kapima, kashangaa. Moyo una nafuu! Nikasema wakati mwingine ugonjwa huanza hivyo hivyo, acha nipumzike kidogo pale wanaposubiri.

Jarida lipo. Liko magotini mwa Mkaguzi. Kashika kifua, macho darini, anakohoa kwa nguvu, na muuguzi anamkimbilia na maji.

Nikaketi karibu yake. Nikaanza kukohoa.