Uso wa Kwenye Kibao

Jumatatu, 4 Machi

Leo Shangazi katangaza vita. Yeye kaviita kibao. Kibao cha saluni kimechakaa. Yule mwanamke aliyechorwa amebaki na jicho moja na nusu ya mdomo, wateja wapya wanadhani humu tunatoa mapepo. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja mchoraji wa mabango, atachora uso wa mtu wa humu humu ndani. Atakayechorwa atakaa mbele, kwenye kiti, apokee wateja na kunyoa. Asiyechorwa atahamia chumba cha nyuma, yeye na beseni la taulo, mpaka Mungu atakapomkumbuka.

Tuko wawili tu: mimi na binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Namwita Yai. Nje laini, ndani ute. Mimi sura ninayo, tena sura ya kuongoza watu. Tatizo ni chunusi. Na zikihama zinaacha madoa meusi, kama mpangaji mbaya anavyoacha misumari ukutani.

Nimeshamwambia fundi viatu, naye keshauambia mtaa, kwamba uso wa kibaoni ni wangu. Kilichobaki ni kuupata.

Jumanne, 5 Machi

Duka la dawa. Dada mfamasia ana miwani mikubwa na kipaji cha kuchelewesha watu. Kanipa krimu ya chunusi, seramu ya madoa na mafuta ya kukinga jua. Nikamuuliza matokeo ni kesho asubuhi au kesho jioni. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kasema, mdogo wangu, ngozi haikimbizwi. Krimu ya chunusi niipe miezi miwili, hata mitatu, na mwanzoni naweza kuonekana vibaya zaidi. Madoa yana kiburi kuliko chunusi, hayo yatakawia zaidi. Nianze na tone dogo, kama punje ya njegere, leo nipake kesho niache. Nisianze vyote kwa mkupuo. Na bila mafuta ya jua asubuhi, ni kutwanga maji kwenye kinu. Akamalizia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia dada, wengine huzikuta zimeoza.

Njiani nimepiga hesabu. Krimu hii ni ya miezi mitatu. Maana yake miezi mitatu imo ndani ya hii tyubu. Ukiipaka leo, miezi imekwisha leo. Sijui watu wanasomea nini huko vyuoni.

Jumatano, 6 Machi

Jana baada ya kufunga nilijipaka mwezi wa kwanza na wa pili. Seramu juu yake. Krimu tena. Nilikuwa kama ukuta uliopigwa lipu. Iliyobaki vidoleni nikamfutia Bi Kimya.

Bi Kimya ni kichwa cha sanamu, cha plasta, cha kuvalishia mawigi. Anakaa kwenye rafu ya chumba cha nyuma, na hakuna anayejua aliletwa na nani. Mashavu yake yana madoa ya rangi ya nywele, na amejaa vitundu vya pini alizochomwa na kila mwanafunzi aliyepita hapa. Kile cha puani nilimchoma mimi, siku ya kwanza kazini, kwa kujitambulisha. Tukikaa karibu tunafanana, ila mimi nina shingo.

Leo uso unawaka na umevimba. Unang'aa kama sufuria jipya. Dawa imeingia kazini. Yai kauliza kama nimetumbukia kwenye karai la maandazi. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Machi

Ngozi inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Mtoto wa mteja kaniona akajificha chini ya draya, kagoma kutoka. Shangazi kaniambia nihamie nyuma mpaka uso urudi, mwanangu, maana huu ulioleta leo hatuujui.

Nikarudi kwa mfamasia kulalamika kwamba kaniuzia moto. Kasema niache vyote, ninawe maji tu, nipake mafuta mepesi yasiyo na harufu, ngozi ipone kwanza. Halafu nianze upya, polepole. Nikamkumbusha kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Kaniambia tumbo langu halioni, anachoona ni uso.

Tyubu imebaki na kidogo tu chini. Nimeitupia rafuni, pamoja na seramu na yale mafuta ya jua. Kifuniko sijafunga. Huwa sifungi vifuniko, maisha mafupi.

Jumatatu, 18 Machi

Uso umepoa. Nimebadili mbinu: dawa ya meno kwenye kila chunusi na ndimu kwenye madoa. Vinachoma papo hapo, kwa hiyo vinafanya kazi papo hapo.

Ila kuna mwizi. Ile tyubu nimeikuta imesimamishwa wima na imefungwa kwa nguvu. Krimu imepungua kidogo, kiasi cha punje ya njegere. Nimemkaba Yai. Kaapa kwa mama yake, na mama yake alikuwa amesimama pale pale, akamzaba kofi kwa kumwapia bure. Nimebandika unywele juu ya kifuniko. Tutajuana.

Alhamisi, 21 Machi

Unywele umekatika. Krimu imepungua tena, punje nyingine. Yai ana siku mbili yuko kwao kitandani na homa.

Bi Kimya shavu lilikuwa na unyevunyevu. Jua la asubuhi linaingia kwa dirisha la nyuma, linapiga rafu. Nimemkuta kageuziwa kivulini, wigi refu limeshushwa hadi kwenye nyusi. Na alinukia mafuta ya jua. Nikatoka nikaenda kumsaidia Shangazi kufagia. Hakuniamini, kaniuliza nimevunja nini.

Jumamosi, 30 Machi

Mchoraji hakuja. Kaleta salamu kwamba ngazi imevunjika, ni wiki ijayo. Nimekutana na mfamasia nje. Kasema bado nina nafasi, nikianza leo taratibu. Nikamwonea huruma. Mtu anakuja wiki ijayo, mimi nianze kitu cha miezi?

Jumamosi, 27 Aprili

Mchoraji: wiki ijayo. Mara hii ni msiba. Mara ile ilikuwa rangi, kabla yake mkwe. Kila akisema wiki ijayo naona haina maana kuanza ile krimu. Wiki hii nimejaribu sabuni ya kufulia. Yai kaniita jivu.

Kuhusu Bi Kimya sikutaka kuandika. Madoa ya rangi yamefifia, yamekuwa kivuli cha madoa. Vitundu vinaziba. Kile changu cha puani nimekitafuta kwa kidole, hakipo. Niliposugua, pua ilirudi ndani kidogo, halafu ikajaa tena. Plasta haifanyi hivyo. Ilikuwa na joto pia. Nikajiambia ni jua. Halafu nikakumbuka jua analikimbia.

Shangazi nilipomwambia alisema ndimu imefika kwenye ubongo.

Jumamosi, 1 Juni

Mchoraji kaja. Mwenyewe, na ngazi mpya, bila kubisha hodi wala aibu.

Nilikuwa na mpango. Nikamtuma Yai sokoni akanunue kamba za kuanikia, nikamwambia ni agizo la mama yake. Kamba tunazo tele, ni kumtoa tu machoni. Shangazi alikuwa nje, anabishana na mwenye nyumba. Uwanja wangu. Nikakimbia nyuma kuosha ndimu ya usoni. Ikagoma. Nikasugua kwa taulo. Ikatoka na ngozi.

Nilipotokea mbele mchoraji alikuwa anaosha brashi. Kibao kimekwisha. Uso mzuri kupita kiasi, ngozi kama maji yaliyotulia ndani ya mtungi, na mdomoni kicheko cha mtu anayekungoja. Nikauliza kamchora nani. Kasema yule dada mpole wa kwenye kiti, mwenye taulo mabegani. Hajapata kuona mtu anayetulia vile. Alisema neno moja tu, kwamba asifanye haraka.

Kwenye kiti alikuwa Bi Kimya. Kaegeshwa sawasawa, taulo limezungushwa pale ambapo shingo ingekuwa.

Yai alikuwa sokoni. Shangazi alikuwa nje, mwenye nyumba ni shahidi. Mimi nilikuwa kwenye beseni. Nywele za kisogo zilinisimama, na mwezi uliopita nilizinyoa zote.

Shangazi kaingia, kakitazama kibao, kakitazama kichwa, kanitazama mimi. Nikamwambia shangazi, hiki kitu kinatembea. Kasema kikitembea na ngozi ile kitembee mbele, wateja wakione. Kiti ni cha Bi Kimya. Mimi na Yai, taulo. Fundi viatu kapita kunipongeza kwa kibao, akasema nimependeza sana, karibu asinitambue.

Jumapili, 2 Juni

Taulo. Yai anasuuza huku ananuna, kamba za sokoni zimejaa shingoni. Kaniuliza, eti kama ningeanza mwezi wa tatu kama nilivyoambiwa, si leo uso ungekuwa tayari? Huyu ndiye Yai. Akili zikimjia huja kwa kuchelewa.

Mchana mchoraji karudi kupiga kibao vanishi. Nikamuuliza inachukua muda gani mpaka ing'ae. Kasema nikienda kunywa chai nikirudi nitakuta imekauka, haipitishi maji wala vumbi, na rangi haitoki miaka.

Hatimaye nimekutana na mtaalamu.

Kaniachia kopo lililobaki, anadhani nina meza ya kupaka. Brashi ninayo. Shangazi kaenda kupumzika, Yai anaanika. Nimesimama mbele ya kioo kikubwa cha saluni, karibu na kiti. Bi Kimya nilimwacha ametazama barabarani. Kwenye kioo naona sasa ananitazama mimi.

Nimemwinulia brashi, nimemwambia dada, angalia wenzako wanavyofanya kazi.

Sijui kama macho ya plasta hufumba. Ya kwake amefumba. Anaogopa ushindani.