Mamba wa Karatasi Moja

Jumatatu, 9 Juni
Nyariek wa darasa letu ameandika hadithi ya mamba anayeimba kwaya. Itabandikwa kwenye ukuta wa maktaba, anatafuta wa kuipamba. Wol akanyoosha mkono. Mamba wa Wol hufanana na ndala! Mkono wangu ulifika sikioni tu. Nikajikuna. Mwalimu Cirillo akaniona, akasema sote wawili tulete kazi Ijumaa, achague moja. Nikasema sichori, nakata karatasi kwa mkasi. Wol akasema kalas, basi, nirudi chekechea.

Jumanne, 10 Juni
Nimekunja karatasi, nimekata, nimefungua. Mamba ana vichwa viwili! Nyariek akauliza anakunya wapi. Naapa sikunji tena. Halafu karatasi ya daftari ni laini mno. Anti Aidah, dada yake mama, fundi cherehani wa soko la Jebel, ana karatasi ngumu za kukatia nguo. Nyingi. Kuchukua moja si wizi. Ni kumpunguzia vumbi.

Jumatano, 11 Juni
Mamba kamili! Magamba, meno yote, karatasi moja, bila gundi. Nyariek akamwinua dirishani, mwanga ukapenya. "Huyu anapumua," akasema. Nikajibu asante. Nililiambia dirisha.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Ile karatasi ilikuwa ya mkono wa gauni la Charity, anayeolewa Jumamosi. Anti anaitafuta hadi chini ya cherehani. Nikiri, Wol ashinde? Hapana. Nikajitolea kukata mikono kwa macho tu. Anti akasita, akanipa satini. Sikukunja. Nimekata miwili, sawasawa kama pacha.

Ijumaa, 13 Juni
Usawa ndio ulioniponza. Karatasi haina nje wala ndani, satini inayo. Mikono yote ya kushoto! Ningeikunja, mmoja ungetoka wa kulia. Anti akaja shuleni na gauni begani. Akamkuta mamba mezani kwa mwalimu, akamgeuza. Nyuma kuna mwandiko wake: CHARITY, MKONO. Akauliza taratibu, mbele ya Nyariek: "Kizza mwanangu, mkono wa kulia wa bibi arusi umeliwa na nani? Wewe, au huyu?"
Darasa zima hoi kwa kicheko. Anti akaondoka na mamba. Ukuta umekwenda kwa ndala ya Wol.

Jumamosi, 14 Juni
Satini iliisha, Charity ameolewa amevaa gauni lisilo na mikono. Nimehukumiwa kufagia kibanda cha Anti mpaka likizo. Nimetubu kwa dhati.
Jioni Nyariek alipita. Anaandika hadithi ya kiboko, akauliza kama nitamkata. Nikamtazama usoni, nikasema ndiyo. Mimi!
Kiboko anahitaji karatasi pana. Anti anamshonea Mama Magdaline wa kwaya gauni, na karatasi ya mgongo wake ni pana ajabu. Tena yeye haolewi. Hana haraka.