Kizibo cha Injini na Wajomba wa Teodora

Jumatatu, 9 Juni

Teodora amekubali! Yaani, hajakubali kuolewa. Amekubali nipeleke posa kwa wajomba zake Ukerewe, Jumamosi, saa nane mchana. Dada yangu Wilhelmina ataongoza msafara. Akasema tupande meli. Meli! Mwanamume mwenye boti yake, tena yenye injini ya ndani, aende ukweni kwa tiketi? Nimekataa. Nilishamwambia Teodora nitafika kwa chombo changu, na mwalo mzima wa Mkuyuni, hapa tunapoegesha boti, umesikia, maana nilisema kwa sauti.

Kesho nasafisha injini. Maji yake ya kupoozea yamekuwa mekundu kama chai ya rangi. Wakwe wasije wakaona.

Jumanne, 10 Juni

Kizibo cha kutolea maji, kule chini ya injini, kiligoma. Kutu. Nikachomeka bomba kwenye spana ili niongeze nguvu, nikaning'inia. Kikatoka! Uzi wake wote, ile mistari ya kukazia, ukabaki mkononi, unga mwekundu. Nikakirudisha. Kinazunguka tu, hakishiki. Maji yakaingia kwenye viatu vyangu vya posa, nilivyokuwa nimevaa ili vilainike.

Akapita Ogweno. Huyu ni fundi wa boti, mtu wa Shirati, anakula mgahawani kwa Teodora kila mchana na huongezewa mchuzi bila kuomba. Mimi huwa naomba. Akainama, akachungulia, akasema uzi wa tundu umeliwa na kutu. Tulitanue kidogo, tukate uzi mpya, tuchongeshe kizibo kikubwa zaidi kwa mafundi wa Nyakato. Akasema kazi yote atafanya bure, iwe zawadi ya harusi.

Bure! Nikamwambia asante kaka, najiweza. Anataka aje atangaze kwamba mimi, Chenge, nilioa kwa mkono wa Ogweno.

Jumatano, 11 Juni

Nimezungushia kizibo uzi wa nyavu. Sangara hatoki kwenye uzi huu. Maji yametoka.

Mchana, Ogweno akiwa anaongezewa mchuzi, nikaazima tepu yake ya kukatia uzi, kile chuma chenye meno. Nasema kuazima. Ila yeye hajui. Kisandukuni zilikuwa tatu zinazofanana, nikachagua iliyong'aa. Nikakata uzi mwenyewe! Kizibo kikakaa upande kama kofia ya mlevi. Kinavuja, lakini kwa adabu, tone moja moja. Nikarudisha tepu mahali pake. Meno mawili yamebaki kwenye injini yangu.

Jioni Ogweno akawa anauliza mwalo mzima ni mjinga gani amevunja meno ya tepu ya mwisho kwa kuitumia kabla ya ile ya kwanza. Nikalaani kitendo hicho kuliko watu wote.

Alhamisi, 12 Juni

Teodora ameniita jikoni. Akasema wajomba zake ni watu wa saa. Mchumba wa kwanza alichelewa, wakamfungia mlango, na yeye Teodora akalia mwaka mzima. Akaniuliza kama boti ni nzima. Nikasema nzima kabisa. Akanitazama.

Nampenda huyu mwanamke. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaomba mchuzi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeokoka! Machibya, dereva wa lori, amenikumbusha. Tangi lake la dizeli lilitoboka njiani, akaziba kwa sabuni ya mche, akafika Shinyanga bila tone kudondoka. Jamani, nani asiyejua dawa hiyo? Na kama sabuni inazuia dizeli, maji yataifanya nini?

Nimekanda nusu mche, nikashindilia pande zote za kizibo. Nikajaza maji. Kavu! Nikamwita Ogweno aje ajionee. Akauliza kama nimeiwasha injini. Nikamwambia wivu si mzuri.

Jumamosi, 14 Juni

Tuliondoka asubuhi, Wilhelmina na vitenge vipya, mzee Masalu mshenga wetu, na mimi. Injini ikaimba. Ilipopata joto ikaja harufu ya nguo zilizofuliwa, Wilhelmina akanisifu kwa usafi. Halafu povu. Povu sakafuni, povu magotini, mzee Masalu kapanda juu ya kiti na viatu mkononi. Injini ikakoroma, ikazima. Mara meli hiyo, inapita. Abiria wote wamejaa upande wetu na simu zao. Nikawapungia mkono kama mtu aliyesimama kwa kupenda.

Aliyetuvuta ni Ogweno. Kumbe alikuwa anatufuata kwa mbali. Teodora ndiye aliyemwomba.

Tumefika saa kumi. Wajomba walikuwa wamesimama ufukweni. Wakampa Ogweno mkono, wakamwita mkwe, wakasema hata kama amechelewa, amechelewa kwa kusaidia watu. Ogweno akawasahihisha. Wakanigeukia mimi, povu mpaka kiunoni. Wakarudi nyumbani, wakaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Jumapili, 15 Juni

Teodora amerudi kutoka Ukerewe. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Akasema amewapigia magoti wajomba na wamekubali mara moja tu, Jumamosi ijayo, saa ileile, na tuje kwa meli. Nikichelewa tena, hataomba tena. Alikuwa analia. Nikalia na mimi. Nikaapa kwa jina la marehemu mama, nitapanda meli.

Ogweno kapita akasema zawadi yake bado ipo. Nikaendelea kufuta machozi.

Ijumaa, 20 Juni

Tiketi za meli ziko mfukoni, Wilhelmina amekata. Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa wapi? Sabuni. Nilitumia ile nyeupe, laini, ya kuogeshea watoto. Leo nimepata ya bluu, ngumu kama tofali, na nimeshindilia mche mzima. Nimejaza maji. Kavu! Injini sijaiwasha, nisije nikaiamsha kabla ya wakati. Ogweno sikumwonyesha, jicho lake lina mkosi.

Nilimwapia Teodora meli, ni kweli. Lakini wajomba walichukia kuchelewa, boti hawakuichukia. Nitaondoka kabla ya meli. Wilhelmina na mzee Masalu wamegoma kupanda, basi waje na tiketi zao. Watanikuta bandarini Nansio, kulekule Ukerewe, nawasubiri, viatu vikavu. Na meli ikinikaribia njiani, nitaipungia mkono.