Jogoo wa Mnada na Ombi la Karo

Chuo cha Mafunzo ya Kikristo,
Msambweni.
Machi, 1965

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Chuo,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, ila nimefedheheka. Naomba kwa unyenyekevu chuo hiki kianze kutoza karo, kwani kufundisha bure kwa michango ya hiari kumenishinda. Sababu ni hizi:

1. Watu hutoa kwa hiari yao, si kwa hiari yangu. Niliomba mabati ya bweni, nikaletewa mihogo. Nikaeleza tena, kwa Kiswahili changu cha mimbarini, nikaletewa mihogo mingi zaidi. Wanafunzi wamenenepa na bweni linavuja.

2. Mzee Zahoro wa Kinondo, mvuvi na Mwislamu safi, hutuletea samaki kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nilimtungia hotuba ndefu ya shukrani. Akaniambia kwa adabu kwamba samaki wataharibika, afadhali nimpishe aingie jikoni. Hotuba ninayo bado.

3. Jogoo. Baada ya ibada, sadaka za vitu hupigwa mnada pale nje. Jogoo wetu mwekundu alikuwa akinunuliwa kila Jumapili, na mnunuzi, kwa desturi ya hapa, humrudisha auzwe tena Jumapili ijayo. Chumvi, mafuta ya taa na chaki vilitoka kwa jogoo huyo. Mimi mgeni sikuambiwa. Nilimnunua kwa haki, nikamla kwa wali wa nazi, na alikuwa mgumu kweli kweli. Jumapili iliyofuata mpiga mnada alisimama mikono mitupu, na kanisa zima likanitazama tumbo.

4. Tangu hapo chaki zimekwisha. Naandika ubaoni kwa muhogo mkavu.

Kwa hiyo karo itozwe, na asiyeweza arudi kwao. Najua wa kwanza atakuwa Jemima, binti wa Chome mchunga mbuzi wa Kinango. Ndiye mwanafunzi wetu bora, na amebakiza muhula mmoja tu awe mwalimu. Inaniuma sana, lakini heshima ya Mkuu nayo ilindwe.

Nisalimie Mama, wanahalmashauri wote, na mpishi wako aliyenizoesha vibaya.

Wako mtiifu katika shamba la Bwana,
Nathani Kitsao,
Mkuu wa Chuo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Chome amefika kwa miguu na majogoo wawili. Mmoja, amesema, ni wa mnada. Wa pili ni wangu, nile nishibe, ili yule wa kwanza apate amani. Nililia mbele yake. Ningekuandikia barua nyingine, ila karatasi nazo zilikuwa zikitoka kwa jogoo. Basi huko juu usipasome. Jemima abaki. Na kama ni lazima mtu atozwe karo, aanze Mkuu.