Malalamiko Dhidi ya Karani Asiyejua Kusitiri

Uthiru,
Jumatatu asubuhi.

Kwako Dakta Kiilu,
Msimamizi wa Miradi ya Mwaka wa Nne.

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Bramwel Were, kiongozi wa kundi la watu watatu: mimi, Nanyama na Ravneet. Mradi wetu ni programu iitwayo Karani. Mwanafunzi akihifadhi kazi yake ya kompyuta, Karani husoma kilichobadilika na kuandika maelezo mwenyewe, nawe unayasoma ndipo utoe alama. Namshtaki Karani kwa makosa yafuatayo.

1. Hana adabu ya maandishi. Zamani tulijiandikia maelezo wenyewe. Nikiondoa nafasi moja tupu, niliandika, "Nimeimarisha mfumo kwa kina." Hukuwahi kulalamika, Dakta, mara mbili ulijibu, "Safi sana." Sasa kazi ileile Karani ameiandika hivi: "Bramwel ameondoa nafasi moja. Jana ndiye aliyeiweka."

2. Ana upendeleo. Nanyama akijifungia kwake Kilimani siku moja tu, anaandikiwa maelezo kumi na tisa. Mimi sijakosa kikao hata kimoja nyumbani kwa kina Ravneet, Parklands, na bhajia za mama yake ni shahidi. Karani hajaandika neno. Kumbe kwake kushiriki ni kuchapa tu!

3. Ameniaibisha nyumbani. Wazo la Karani kuandika kwa Kiswahili lilikuwa langu, ili wazazi wetu waelewe siku ya maonyesho. Ndilo wazo langu pekee, lakini ni zuri. Jumamosi Mama akaja na wenzake wa kanisa waione mashine ya mwanawe. Akasoma kwa sauti, kama somo la Jumapili: "Bramwel amefuta nukta. Bramwel amerudisha nukta." Kisha akanigeukia: "Na hiyo nukta ilikukosea nini, baba?" Niliumia, Dakta. Hema la mahafali limeshaagizwa, na mbuzi wa sherehe amefungwa nyuma ya nyumba. Siku hizi mbuzi huyo ananitazama kwa matumaini.

4. Ni mtoto anayemshtaki mzazi. Sisi watatu ndio tuliomzaa. Nilimwomba Ravneet amfundishe kusitiri, akanijibu, "Bramwel, si ufanye tu kazi?" Haya basi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kwa hiyo naomba Karani aitwe mbele ya kamati ya nidhamu, na aje na mzazi. Nitakuja mimi. Kama ana akili ya kutoa ushahidi, apewe namba ya usajili, afanye mtihani na asimame foleni ya kantini kama sisi. Mpaka atakapofaulu, ushahidi wake usipokelewe, nami nipewe alama kwa maelezo yangu ya zamani.

Nisalimie wote idarani, hasa Bi. Ramila wa mapokezi, anayenijua kwa sura kwa sababu ya fomu za kuomba kuongezewa muda.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, mwenye uchungu,
Bramwel Were.

Nyongeza: Kwa mazoea, barua hii nimeihifadhi ndani ya folda ya mradi. Karani ameshaandika: "Bramwel ameongeza barua. Mistari arobaini na mmoja, hakuna kosa. Ndiyo kazi yake ya kwanza kuzidi mstari mmoja tangu Januari." Dakta, nimesoma mara tatu. Hakuna kosa! Naondoa mashtaka yote. Karani ni shahidi mwaminifu, na mistari hiyo naomba ihesabiwe. Mbuzi bado sijamwambia.