Hoja Hupokelewa kwa Pongezi Tu

Wizara inayohusika na barabara inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna mwananchi atakayekuwa na malalamiko kuhusu barabara mpya. Hatua hiyo imefikiwa baada ya utafiti wa kina uliobaini kuwa chanzo kikuu cha malalamiko ni wananchi kulalamika.

Tangazo hilo aliliandika Mratibu wa Hoja mwenyewe. Alipolimaliza alilisoma kwa sauti, peke yake ofisini, akaona limekaa sawa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya stoo ya mafagio, na feni lake lilizunguka siku lilipojisikia. Kiti chake kilikuwa cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Lakini Mratibu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilishapitishwa na wakubwa: hoja ya mwananchi isipokelewe mpaka kwanza igeuzwe kuwa pongezi.

Mkurugenzi wake, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimwambia waziwazi, "Kijana, barabara hii ikifunguliwa bila lalamiko hata moja, kiti changu ni chako."

Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa cha ngozi, na kilizunguka. Mratibu alishawahi kukikalia kwa siri, bosi akiwa msibani, akazunguka hadi akasikia kizunguzungu cha uongozi. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri.

Kilibaki kijiji kimoja tu cha kugeuzwa. Barabara ilipita hapo juu ya tuta kubwa la kifusi na changarawe, refu kuliko mapaa ya nyumba, ili magari yasisumbuliwe na mafuriko wala na kijiji. Upande mmoja wa tuta zilikuwa nyumba. Upande wa pili vilikuwa vyoo.

Wanakijiji hawakuwa wamechanganyikiwa. Miaka kadhaa nyuma Bwana Afya alipita akaamuru vyoo vyote vijengwe mahali pamoja, mteremkoni, mbali na kisima. Kila kaya ikajenga chake, vikapangwa mstari mmoja, vikapakwa chokaa, kijiji kikapewa cheti. Kisha akaja mpimaji wa barabara. Akaona kati ya nyumba na vyoo pana uwazi mzuri usiohitaji fidia, akamshukuru Mungu, akapitisha kamba yake hapo hapo.

Mkutano ulifanyika barazani kwa fundi cherehani, mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Cherehani. Walimchagua awasemee kwa sababu haogopi mtu, na kwa sababu ana viti.

"Karibu, baba," alisema Mama Cherehani. "Hoja yetu ni moja tu. Tunaomba njia ya kupita chini ya barabara. Vyoo vyetu viko ng'ambo, na hilo tuta halipandiki."

"Hiyo bado mbichi, mama," alisema Mratibu kwa upole. "Ipike kidogo."

"Niipike vipi?"

"Anza na neno tunapongeza."

"Nipongeze nini, na mimi nimebanwa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mratibu alisubiri kicheko kiishe, maana mwongozo ulisema kicheko cha wananchi kihesabiwe kama ushiriki.

Mama Cherehani akaacha utani. Akaelekeza kidole mlangoni, alipokaa mama mkwe wake, Bibi, ambaye siku hizi alisikia kwa sikio moja tu. Bibi alikuwa ameunyoosha mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kipande cha shuka.

"Yule ndiye aliyenizalia mume. Mume kafa, amebaki yeye. Kila siku anapanda tuta lenu kwa mikono na magoti, mtu mzima yule, mbele za wajukuu. Juzi kateleza, changarawe zimemchuna goti lote. Sasa hataki kunywa maji, ili asihitaji kwenda. Unanielewa, baba? Hanywi maji. Anakauka huku namwona."

Mratibu alipiga funda la soda aliyokaribishwa.

"Nimekuelewa sana," alisema, akaanza kuandika huku akijisomea kwa sauti. "Wananchi wanaipongeza serikali kwa kuwawekea wazee mazingira rafiki ya mazoezi ya viungo, sambamba na kupunguza matumizi ya maji majumbani." Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA KWA FURAHA.

"Anasema tutapata njia?" aliuliza Bibi kutoka mlangoni.

"Anasema tumefurahi, mama," alijibu Mama Cherehani. "Anasema ukitaka kusema naye, uanze na pongezi."

"Ahaa," alisema Bibi, akaliweka hilo moyoni.

Kinyozi wa kijiji akanyoosha mkono. Alisema vibarua wa barabara wanavitumia vyoo vyao bila kuomba na kuviacha havitazamiki. Hapo Mratibu alifurahi kweli, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tayari. "Vifungeni kwa makufuli," alishauri. "Kila kaya na ufunguo wake. Mjifunze kujitegemea." Wakafanya hivyo. Ndio ushauri pekee wa serikali uliotekelezwa kijijini hapo kwa asilimia zote.

Siku ya ufunguzi Waziri alifika na msafara mrefu. Barabara ilikuwa imeishia kijijini hapo. Mbele yake palikuwa na lundo la mchanga na utepe, na nyuma yake magari ya wageni yalibanana hivi kwamba hata pikipiki isingepenya. Pande zote mbili zilikuwa kingo za chuma. Njiani Waziri alisimamishwa na kila aliyetaka kuonekana, na kila aliposimama alipewa chai, na mwanasiasa hakatai chai ya wapiga kura.

Wanakijiji walisikiliza hotuba wakiwa chini ya tuta, upande wa nyumba zao. Mratibu alisimama nyuma ya Waziri, suti mpya, akisogeza midomo kila Waziri aliposoma pongezi alizoziandika yeye.

"Nimearifiwa," Waziri alisema kwenye kipaza sauti, "kwamba wazee wa hapa wamenufaika na mazoezi ya viungo, na matumizi ya maji..." Hapo akasita. Akakunja mguu mmoja, akaukunjua, akakunja mwingine. Neno maji lilikuwa limemfikia vibaya.

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mratibu. Choo kiko wapi?"

Mratibu alinyoosha mkono kwa fahari kuelekea chini, upande wa pili. "Vile pale, Mheshimiwa. Ni vya mfano. Vina cheti."

"Mbona vina makufuli?"

"Ni ushauri wangu, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama. Katika kutazamwa huko Mratibu aliona kile kiti cha ngozi kikizunguka chenyewe, kikijiendea zake. Akaruka ukingo wa chuma, akashuka tuta kwa makalio, akafika miguuni pa Mama Cherehani na changarawe mifukoni.

"Shikamoo, mama. Ufunguo, tafadhali. Mheshimiwa kabanwa."

"Marahaba. Hiyo bado mbichi, baba."

"Mama, huu si wakati wa utani!"

"Utani gani tena? Utaratibu ni wenu. Anza na tunapongeza."

Mratibu alitazama juu. Waziri alikuwa akiwatabasamia wapiga picha, lakini magoti yake yalikuwa yameshikana kama ndugu waliopotezana. Kiganja kilikuwa kimeshabanduka kwenye kipaza sauti, na pumzi zake zilisikika kijiji kizima.

"Tunapongeza," alianza Mratibu. "Tunawapongeza wananchi kwa kujenga vyoo bora. Tunawapongeza kwa kuvifunga. Na Mheshimiwa amefurahi sana, kwa kiwango ambacho hawezi tena kuistahimili furaha hiyo."

"Sasa hiyo imeiva," alisema Mama Cherehani, akakipiga kiganja chake kwa ngumi kama anagonga muhuri. "Imepokelewa."

Watu wakapiga makofi.

"Ufunguo, mama!"

"Wetu anao mama mkwe," alisema, na kila jirani akaufutika ufunguo wake mfukoni.

Bibi alikuwa ameuvaa shingoni kwa uzi. Mratibu alinyoosha mkono auchukue, Bibi akaufunika kwa kiganja.

"Mgeni wangu hatumiwi ufunguo kama kibarua," alisema. "Nampelekea mwenyewe."

"Bibi, nipe tu nikimbie!"

"Ungekimbia siku ile tulipokuomba njia, mjukuu wangu. Leo nisubirini. Mimi huwa napanda polepole."

Akaweka fimbo chini. Akashika changarawe kwa mikono miwili, akapanda. Alipanda kidogo, akateleza, akarudi alipoanzia. Akapanda tena. Pale chini hakuna aliyecheka, na kule juu, mmoja mmoja, wapiga picha wakamwacha Waziri, wakageuzia kamera kwa yule mwanamke anayetambaa. Mratibu alimfuata nyuma, mikono ameikinga asije akaanguka. Kutoka hapo aliliona goti kwa karibu. Kipande cha shuka kilikuwa kimeloa damu, na kila Bibi alipolisogeza goti lile alitoa mguno mdogo, wa mtu aliyezoea kuguna peke yake. Mratibu aliona aibu. Alijaribu kuigeuza iwe kitu kingine, kwa kuwa ndiyo kazi yake, ikakataa.

Bibi hakuwa amefika hata nusu wakati sauti ya Waziri ilipopasuka kwenye spika zote, mbele ya wageni, mbele ya kamera, mbele ya Mkurugenzi anayestaafu.

"Jengeni njia! Hapa hapa, chini ya barabara! Naagiza! Hivi ni mpumbavu gani aliandika kwamba watu hawa wamefurahi?"

Bibi akasimama kupumzika. Akageuza lile sikio lake zima kumwelekea mkwe wake kule chini.

"Anasemaje?"

"Analalamika, mama!"

"Mwambieni aanze na pongezi," alisema Bibi, akashika changarawe, akaendelea kupanda kwa mwendo wake ule ule.